UZI: "Usajili wa gari lako umeisha?" Kinachoisha, kisichoisha, na anayeumia

1.
Kila msimu wa mswada wa fedha ukifika, magari hurudi jukwaani. Mheshimiwa mmoja anasema wenye magari hawalipii barabara. Mwingine anajibu kwamba serikali imemgeuza mwenye gari ng'ombe wa kukamuliwa. Halafu chini ya video unapata mtu ameuliza swali la maana: "Kwani usajili wa gari ukiisha na upatikane barabarani, unafungwa?" Hakuna anayemjibu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si wakili, lakini hili tunaweza kulielewa pamoja.

2.
Jibu fupi: hapa Kenya, usajili wa gari la kibinafsi hauishi kila mwaka. Logbuku yako haina tarehe ya kufa. Lakini kuna karatasi zingine zinazoisha, na kuendesha gari zikiwa zimeisha ni kosa. Watu huzichanganya zote na kuziita "usajili". Mchanganyiko huo umewafaa sana wanasiasa wa pande zote.

3.
Nitaenda hivi: kwanza usajili ni nini. Pili, ni nini kinachoisha na adhabu yake. Tatu, bima, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote. Nne, gari lililouzwa bila kuhamishwa jina. Mwisho, ile kodi ya magari ya mwaka 2024 na maswali ya kumuuliza mheshimiwa yeyote akiigusa tena.

— USAJILI NI NINI —

4.
Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari lisajiliwe. Kazi hiyo siku hizi iko mikononi mwa NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani. Ukisajili unapata nambari na logbuku. Logbuku inasema gari ni la aina gani, injini nambari gani, chesisi nambari gani, na liko kwa jina la nani. Kama ulilinunua kwa mkopo, jina la benki nalo litakuwa hapo.

5.
Usajili huo unakaa na gari maisha yake yote. Unabadilika gari likiuzwa, au ukibadilisha mambo kama rangi na injini, ambayo lazima uyaripoti. Unafutwa gari likiharibika kabisa au likiondoka nchini moja kwa moja. Hakuna mahali umeambiwa uende kila Januari kuuhuisha.

6.
Sasa mbona wengi wanaamini unaisha? Sababu ya kwanza ni video. Marekani, majimbo mengi yanamtaka mwenye gari ahuishe usajili kila mwaka au kila baada ya miaka kadhaa, na polisi anakusimamisha kwa sababu ya stika ndogo tu kwenye nambari. Tunatazama hizo klipu tukiwa Kasarani na tunadhani sheria ni hiyo hiyo. Sivyo. Ya kwao ni yao.

7.
Sababu ya pili ni historia yetu wenyewe. Waulize wazazi wako. Kulikuwa na leseni ya barabara ya kila mwaka, unalipa, unabandika stika kwenye kioo cha mbele. Ikiisha, polisi anaisoma akiwa amesimama nje ya gari. Leseni hiyo ya magari ya kibinafsi iliondolewa miaka ya 2000, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta.

8.
Sababu ya tatu ni nambari mpya za kidijitali zilizozinduliwa Agosti 2022. Watu walipoambiwa wabadilishe nambari, wengi walielewa kwamba zile za zamani "zimeisha" na gari halina usajili tena. Kubadilisha kibati si kusajili gari upya. Gari ni lile lile, mwenyewe ni yule yule, herufi na tarakimu ni zile zile.

9.
Kwa hivyo mtu akikuambia kwa jukwaa kwamba "wenye magari wa Kenya hawalipii barabara kwa sababu hawalipi usajili wa kila mwaka", mwulize kuhusu ushuru wa matengenezo ya barabara. Uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1993. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kutoka shilingi 18. Ukiweka lita 20 leo, umelipia barabara shilingi 500 hata kabla hujatoka petroli stesheni.

10.
Na kumbuka ushuru huo haumgusi mwenye gari peke yake. Mwenye boda anaulipa. Mwenye matatu anaulipa, kisha anauweka kwa nauli. Nyanya zinazotoka Kirinyaga zinasafirishwa kwa lori linalotumia dizeli. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli anachangia barabara kila siku.

— KINACHOISHA —

11.
Sasa tuje kwa vitu vyenye tarehe ya mwisho. Ni vinne vikubwa:
• bima ya gari
• cheti cha ukaguzi, kwa magari yanayotakiwa kukaguliwa
• leseni ya udereva
• leseni ya huduma ya barabara, kwa matatu, teksi na magari ya kibiashara
Mtu akisema "karatasi za gari zimeisha", mwulize ni ipi. Adhabu hazifanani hata kidogo.

12.
Kuna kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zilizoweka faini maalum. Leseni ya udereva uliyosahau kuhuisha: shilingi 1,000. Kukosa kuibeba na kuionyesha ukiulizwa: shilingi 1,000. Kuendesha gari la daraja ambalo leseni yako haikuruhusu: shilingi 3,000. Gari lisilo na cheti halali cha ukaguzi: shilingi 10,000. Gari ambalo nambari zake hazijafungwa au hazijafungwa inavyotakiwa: shilingi 10,000.

13.
Tazama huo mpangilio. Kusahau kuhuisha leseni ni elfu moja. Gari ambalo hakuna aliyethibitisha kama breki zake zinashika ni elfu kumi. Na gari lisiloweza kutambulika, linaloweza kugonga mtu na kupotea, pia ni elfu kumi. Anayesema faini zote za trafiki ni za kukusanya pesa tu hajaisoma orodha. Anayesema zote ni za usalama tu naye hajawahi kusimamishwa mwisho wa mwezi.

14.
Tahadhari: leseni iliyoisha si sawa na kutokuwa na leseni kabisa. Kama hukuwahi kufunzwa wala kupita mtihani, hiyo si faini ya elfu moja. Na nambari za kughushi, au nambari za gari lingine ulizobandika kwa lako, hilo ni kosa la jinai lenye uzito wake. Huko usiende ukitegemea uzi wa mtandaoni, tafuta wakili.

15.
Ukaguzi ndio mada inayochemka zaidi. Matatu na magari mengine ya huduma ya umma hukaguliwa kila mwaka. Lakini Sheria ya Trafiki inataja pia magari yaliyopita miaka minne tangu yatengenezwe. Magari ya kibinafsi kwa miaka mingi hayajafuatwa sana. Mwaka 2025 wizara ilitoa rasimu ya kanuni za kuyaleta hayo pia kwenye ukaguzi, na Kenya nzima ikakumbuka kwamba karibu kila gari letu lilitoka Japani likiwa na umri huo au zaidi.

16.
Kwenye mjadala huo pande zote mbili zina hoja. Breki mbovu haziulizi kama gari ni la abiria au la kwenda kanisani Jumapili. Upande mwingine, kama vituo ni vichache na foleni ni ndefu, mlango wa kitu kidogo unafunguka, na cheti kinanunuliwa bila gari kufika kituoni. Mheshimiwa akiunga mkono ukaguzi, mwulize vituo vitakuwa wapi. Akiupinga, mwulize gari bovu litatolewaje barabarani.

— BIMA: HAPA NDIPO MTU ANAUMIA —

17.
Kama kuna karatasi moja usiyopaswa kuacha iishe hata kwa siku moja, ni bima. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine, inakataza kutumia gari barabarani bila bima hiyo. Ukipatikana, mahakama inaweza kukutoza faini, kukufunga, au yote mawili. Lakini faini ndiyo sehemu ndogo ya hadithi.

18.
Tuseme bima yako imeisha Jumatano usiku wa manane. Alhamisi asubuhi unasema, "Nitalipa mshahara ukiingia, wacha nifike kazini tu." Njiani unamgonga mama anayeuza mboga kando ya barabara. Amevunjika nyonga. Hospitali inataka pesa. Hataweza kufungua kibanda kwa miezi mingi na watoto wake wanakitegemea kibanda hicho.

19.
Kama bima ingekuwepo, sheria inailazimu kampuni ya bima kulipa kile mahakama itakachoamua, hadi shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia. Inayozidi hapo ni juu yako. Na kama bima ilikuwa imeisha, ni juu yako yote, kuanzia shilingi ya kwanza. Hukumu hiyo inaweza kufuata mshahara wako, gari lako na shamba lako.

20.
Na sasa mgeukie yule mama. Tuseme wewe huna kitu. Huna shamba, gari lenyewe ni la mkopo, mshahara unaisha tarehe tano. Ana hukumu mkononi na hana pa kuipeleka. Wapo wanaotaja Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima. Mfuko huo ni wa pale kampuni ya bima inapoanguka. Haukutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyegongwa na gari ambalo halikuwa na bima kabisa.

21.
Ndiyo maana inaitwa bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule mama. Wewe unailipia lakini ni yake. Wengi wetu tunaichukulia kama stika ya kumnyamazisha polisi, na ndiyo sababu tunaona si vibaya kuiacha ilale siku mbili tatu. Polisi anaweza kukuachilia. Ajali haikuachilii.

22.
Kuna mtego mwingine hapa. Gari lina bima ya kibinafsi, lakini mwenyewe analibebea abiria kwa nauli asubuhi na jioni. Stika haijaisha, tarehe iko sawa, ila matumizi si yale yaliyoandikwa. Kampuni inaweza kwenda mahakamani kupinga kulipa kwa sababu hiyo. Abiria aliyeketi nyuma hajui lolote. Kwake yeye ile stika kwenye kioo ilimaanisha kwamba yuko salama.

— GARI ULILOUZA LAKINI BADO NI LAKO —

23.
Hii nayo imewafikisha wengi kortini. Uliuza gari, ukapokea pesa, ukampa mnunuzi logbuku na nakala ya kitambulisho, mkaagana. Jina hukuhamisha. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Neno kubwa hapo ni "ithibitishwe". Wa kuthibitisha ni wewe.

24.
Kifungu cha 9 kinaongeza: gari lililouzwa halifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 tangu liuzwe kama mwenyewe mpya hajasajiliwa. Hapa ndipo Mkenya anaweza kweli kusema usajili wake "umepitwa na wakati". Nambari haijaisha. Jina lililo kwenye logbuku ndilo halilingani tena na mtu aliye nyuma ya usukani.

25.
Gari hilo likigonga mtu miaka mitatu baadaye kule Salgaa, wakili wa aliyeumia atatafuta rekodi za NTSA na atapata jina lako. Barua ya madai itakuja kwako. Unaweza kujitoa kwa kuonyesha mkataba wa mauzo na ushahidi kwamba gari halikuwa mikononi mwako. Lakini utahitaji wakili, muda, na ile karatasi ya mauzo ambayo pengine ilipotea ulipohama nyumba.

26.
Siku hizi kuhamisha jina kunafanyika mtandaoni kupitia akaunti za NTSA kwenye eCitizen: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali, ada inalipwa. Usikubali broka akwambie "tutamalizia baadaye". Wapo mabroka wanaopitisha gari mikono mitatu minne bila jina kubadilika, ili kila mmoja ahepe ada. Wa mwisho kwenye rekodi anabaki kuwa wewe.

— KODI YA 2024: KARIBU USAJILI UANZE KUISHA —

27.
Sasa siasa zenyewe. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na pendekezo la kodi ya magari ya kila mwaka: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000 na isizidi shilingi 100,000. Ingelipwa wakati wa kuchukua bima. Kwa maneno mengine, kile ambacho hatuna hapa Kenya, gari lenye malipo ya serikali yanayoisha kila mwaka, kingerudi kikipitia mlango wa bima.

28.
Tupige hesabu:
• Gari la shilingi 150,000: asilimia 2.5 ni 3,750, lakini kima cha chini ni 5,000. Ni kama asilimia 3.3.
• Gari la 800,000: 20,000. Asilimia 2.5.
• Gari la milioni 4: 100,000. Asilimia 2.5.
• Gari la milioni 10: 100,000. Asilimia 1.
Mwenye gari kuukuu zaidi angelipa sehemu kubwa zaidi ya thamani ya gari lake. Kwenye mikutano tuliambiwa hii ni kodi ya matajiri.

29.
Lakini hoja ambayo haikusikika vya kutosha ni hii. Kodi ilifungwa na bima. Mtu aliyekuwa analipa bima ya mtu wa tatu kwa pesa kidogo angetakiwa ghafla alete na maelfu mengine siku hiyo hiyo. Asipokuwa nayo, hangekosa kodi peke yake, angekosa bima. Na bado angeendesha, kwa sababu gari ndilo linalomlisha. Kwa hivyo angeumia nani? Rudi namba 18. Yule mama wa mboga.

30.
Waliotetea kodi hiyo nao walikuwa na hoja, tusijifanye haikuwepo. Kuikusanya kwa bima ni rahisi kwa sababu kila gari linatakiwa kuwa na bima. Pesa za barabara hazitoshi. Na gari la umeme halinunui petroli, kwa hivyo halilipi ule ushuru wa mafuta. Hilo la mwisho litarudi, mtaniambia. Jibu la hoja nzuri ni njia nzuri zaidi ya kukusanya, si kelele.

31.
Juni 18, 2024, kamati ya fedha ya Bunge la Taifa ilitangaza kwamba kodi hiyo ya magari imeondolewa kwenye mswada. Mswada wenyewe ulipitishwa Juni 25, siku ile waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Wiki chache tu baadaye ushuru wa mafuta ukapanda kwa zile shilingi 7. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa, na huo wa pili haukuhitaji mswada wa fedha.

32.
Na mwaka 2025, zile shilingi 7 za nyongeza zikatumiwa kama msingi wa kupata mkopo wa kuwalipa makandarasi wa barabara waliokuwa wakidai serikali kwa muda mrefu. Unaweza kuunga mkono au kupinga. Cha msingi ni ujue kwamba sehemu ya ushuru unaolipa kwa lita inalipa madeni ya kazi iliyokwisha fanywa, haizibi shimo lililo mbele ya nyumba yako.

— NANI ANARUHUSIWA KUFANYA NINI —

33.
Katiba, Kifungu cha 210, inasema hakuna kodi itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Waziri hawezi kuamka asubuhi na kutangaza "usajili wa magari sasa ni wa kila mwaka, lipeni". Kaunti nayo inaweza kutoza ada ya kuegesha, na kanjo anaweza kufunga gurudumu lako kwa hilo, lakini kusajili magari si kazi yake.

34.
Waziri anaweza kutunga kanuni pale sheria inapomruhusu. Hata hapo kuna masharti. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka wanaoathirika washauriwe, na kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Zisipofikishwa, zinakufa. Ukiona kanuni mpya za magari, usibishane kwanza kama ni nzuri. Uliza kama zimefika Bungeni na kama kuna aliyewauliza watu.

35.
Na ukisimamishwa barabarani? Tulia, onyesha leseni na cheti cha bima. Uliza ni kosa gani na liko kwenye sheria ipi. Ukikamatwa, Katiba, Kifungu cha 49, inakupa haki ya kuambiwa sababu na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na huwezi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Faini halali ina rekodi na risiti. Pesa iliyokunjwa ndani ya leseni si faini, ni hongo, na mtoaji ana kosa kama mpokeaji.

— KABLA HATUJAACHANA —

36.
Maswali manne ya kumuuliza mheshimiwa yeyote, wa upande wowote, akianza kuongea kuhusu magari:
• Unaongelea karatasi ipi hasa: logbuku, bima, ukaguzi au leseni?
• Mtu asipoweza kulipa hicho unachopendekeza, atapoteza nini kingine pamoja nacho?
• Mwenye gari la laki moja unusu atalipa sehemu gani ya thamani ya gari lake, na mwenye la milioni kumi je?
• Aliyegongwa atalipwa na nani?

37.
Hilo la mwisho sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye mdahalo hata mmoja. Tunamjadili mwenye gari, polisi na mkusanya kodi. Anayetembea kwa miguu hayumo, na kwenye barabara zetu wanaotembea ni wengi.

38.
Na kabla ya kulala leo, kama wewe au mzazi wako ana gari, angalia mambo matatu: tarehe ya bima, jina lililo kwenye logbuku, na kama lile gari mliloliuza bado liko kwa jina lenu. Ni dakika kumi tu kwenye simu. Ukipata shida kwenye mojawapo, uliza hapa chini. Nikijua nitajibu, na nisipojua mawakili mlio humu mtusaidie.